Safari ya Davos na Elimu ya Theluji



Kwa miaka zaidi ya 30 tumewasomesha watoto wa chuoni kwetu Tanga ile dua ya kufungulia sala ambayo ndani yake limo neno thalji. Neno hilo ndilo letu la theluji. Lilitoka Arabuni likaja pwani likakaa. Watoto hulihifadhi upesi. Lakini mwaka mmoja kijana mdogo alituuliza, "Maalim, theluji ikoje?" Tukamjibu kwamba ni kama barafu igandayo katika jokofu la duka linaloelekeana na chuo. Akaridhika, nasi tukaridhika. Leo twakiri mbele ya wasomaji kwamba jibu lile halikuwa sawa. Tulikuwa twafundisha kitu tusichokijua. Theluji yenyewe tulikuwa tumeiona mara moja tu, kwa mbali, juu ya Kilimanjaro, kutoka dirisha la basi la Arusha.

Sababu ya kuijua haikuwa matembezi ya starehe. Dada yetu ana mtoto mmoja wa kiume aliye mpishi katika hoteli ya Davos, nchi ya Uswisi, na huu ulikuwa mwaka wake wa 11 huko. Mwaka 2021 alimwambia mama yake kwa simu kwamba mwenzake wa jikoni amefariki mlimani kwa kufunikwa na theluji. Kisha, pasipo kufikiri, akaongeza kwamba na yeye hupanda milima hiyo hiyo siku zake za mapumziko. Tangu usiku ule dada yetu hakupata usingizi wa kweli. Alitujia akatuambia, "Kaka, wewe ndiye mjomba wake, na wewe ndiye uliyemfundisha alifu na be. Nenda ukamtoe huko." Kijana akaleta tikiti, nasi mwisho wa mwezi wa Januari 2023 tukaondoka, tukiwa na kanzu mbili, joho la kuazima, na maneno makali tuliyokwisha kuyapanga moyoni.

Kutoka Zürich mtu hupanda gari moshi mpaka Landquart, na hapo huhamia gari jingine jekundu, la reli nyembamba, ambalo hujipinda na kupanda milima mpaka Davos, mita 1,560 juu ya bahari. Jina la mji huo huenda wasomaji wamelisikia kwa ajili ya mkutano wa wakubwa wa dunia ufanywao hapo karibu kila Januari. Wageni wale walikwisha kwenda zao tulipofika, na mji umerudi kuwa mji. Mara tuliposhuka tuliinama tukateka theluji kwa kiganja. Ilikuwa kavu kama unga wa muhogo. Tulijaribu kuifinyanga, ikakataa kushikana. Barafu ya jokofu haikuwa na undugu nayo, na tukamkumbuka yule mwanafunzi wetu.

Jioni ile ile tukaanza kazi tuliyotumwa. Tulimwambia mpwa wetu kwamba mama yake ni mtu mzima, kwamba kujitia katika hatari kwa ajili ya mchezo si jambo la mtu mwenye akili, na mengine mengi ambayo hatuoni haja ya kuyaandika. Alinyamaza akasikiliza kwa adabu. Ilipofika saa 11 ya jioni akasema, "Niwie radhi, Mjomba, nisome taarifa kwanza." Akaitazama simu yake kwa makini kama watu wa kwetu wanavyosubiri habari ya mwezi mwandamo. Tukamwuliza ni taarifa gani hiyo iliyo bora kuliko maneno ya mjomba wake. Ndipo alipoanza kutueleza, na tangu hapo mwalimu akawa yeye.

Taarifa hiyo hutolewa na Taasisi ya Utafiti wa Theluji na Maporomoko, ambayo makao yake ni hapo hapo Davos. Wakati wa baridi hutoka kila siku saa 11 jioni, na mara nyingi hutolewa tena saa 2 asubuhi. Nchi yote ya milima hugawanywa mafungu, na kila fungu hupewa namba tangu 1 mpaka 5. Namba 1 ni hatari ndogo, namba 2 ni ya wastani, namba 4 ni kubwa, na namba 5 ni kubwa mno, nayo hutokea kwa nadra. Namba 3 ina jina gumu kulifasiri. Mpwa wetu alifikiri kidogo, akasema, "Tuseme si haba." Tukaona tafsiri hiyo yafaa, maana hiyo ndiyo namba yenye mtego. Mtu akisikia 3 katika 5 hudhani yuko katikati, kama mwanafunzi aliyepata nusu ya alama. Sivyo. Vidato vya ngazi hiyo havikupangwa kwa urefu mmoja. Kila upandapo kimoja, hatari huongezeka kwa kiasi kikubwa kuliko ulivyotazamia. Katika Uswisi hufa kwa maporomoko watu wapatao 20 kwa mwaka, na karibu nusu yao hufa katika siku za namba 3. Siku za namba 4 watu huogopa wakakaa chini. Siku za namba 3 mara nyingi jua huwaka, theluji hung'aa, na mtu huona hapana neno.

Tena namba peke yake si taarifa. Huandikwa pia ni miteremko inayotazama upande gani, kuanzia urefu gani, na ubaya wenyewe ni wa namna gani: kama ni theluji mpya, au iliyorundikwa na upepo, au iliyolowa, au tabaka dhaifu lililofichika katika theluji ya zamani. Jioni ile ilikuwa namba 3, miteremko ya kaskazini na ya mashariki, juu ya mita 2,000, na ubaya ulikuwa huo wa mwisho. Tukauliza, "Mbona theluji ya mwaka huu mwasema ni haba? Ikiwa haba, hatari nayo si itakuwa haba?" Akatabasamu, akasema, "Mjomba, kesho kutwa nina mapumziko. Njoo uone kwa macho yako, kisha useme utakalo."

Hatukukubali mara moja. Usiku tulikaa tukawaza kwamba mtu aliyetumwa kumtoa mwenziwe kisimani hatarajiwi kushuka naye. Lakini tulikuwa tumekwisha kosea mara moja kwa kusema juu ya theluji bila ya kuijua, nasi hatukutaka kurudia kosa lile kwa mtoto wa dada yetu.

Kabla ya siku hiyo tulitembezwa katika kijiji cha Frauenkirch kilicho karibu na mji. Lipo kanisa la zamani ambalo ukuta wake ulioelekea mlimani haukujengwa bapa kama kuta nyingine. Umechongoka mfano wa omo ya jahazi, ili theluji ikiporomoka igawanyike ipite huku na huku. Watu wa kale hawakuhama wala hawakudai kwamba mlima hautashuka. Walijenga wakijua utashuka. Elimu ya vyombo na vipimo ilikuja baadaye sana. Mwaka 1936 watafiti wachache walianza kazi katika kibanda huko Weissfluhjoch, juu ya Davos, na mwaka 1945 taarifa ya kwanza ya namna hii ikatolewa kwa wananchi. Kisha ikaja baridi ya mwaka 1951, ambayo wazee wa milimani hawaisahau: zaidi ya watu 90 waliuawa na maporomoko katika Uswisi peke yake, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Tangu hapo milima ikatiwa vizuizi vya chuma safu juu ya safu, na misitu iliyo juu ya vijiji ikatunzwa kama ngome. Hata hivyo mwezi wa Februari 1999, katika kijiji cha Galtür cha nchi jirani ya Austria, poromoko moja liliua watu 31. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika maarifa hii ya Waswisi na Waaustria ya kuishi na maporomoko katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nasi twaona wamestahili.

Siku ya safari tuliondoka alfajiri baada ya kusali. Kipimo kilionyesha nyuzi 14 chini ya sifuri. Pamoja nasi alikuwa seremala mmoja Mswisi, mtu wa makamo yetu, mzaliwa wa mabonde hayo, ambaye ndiye aliyemfundisha mpwa wetu kupanda. Hakujua Kiswahili, nasi hatukujua Kijerumani, lakini tulielewana vizuri. Watu waliozoea kazi ya kufundisha hujuana.

Wao wawili walivaa skii, zile mbao ndefu za miguuni. Wapandaji wa namna hii hawapandi kwa mashine za kamba kama watalii wengi. Hupanda kwa miguu yao wenyewe na kushuka kwa kuteleza. Ili mbao zisirudi nyuma mlimani, hubandikwa chini yake ukanda wenye manyoya yaliyolalia upande mmoja: huteleza mbele na hukamata nyuma. Zamani ilikuwa ngozi ya sili. Siku hizi aghalabu ni singa za mbuzi wa angora, ambazo Wazungu huziita mohair. Seremala hakujua kwamba jina hilo asili yake ni mukhayyar, neno la Kiarabu, yaani kilichochaguliwa. Tulipomweleza alifurahi sana. Hilo ndilo jambo pekee tulilomfundisha siku nzima. Sisi tulipewa viatu vipana vya theluji, tukatembea kama bata.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja alifungiwa kifuani chombo kidogo kitumacho mawimbi ya redio, na seremala akatupitisha mbele yake mmoja mmoja kuhakikisha kwamba vyote vyasikika. Mkobani mlikuwa na fimbo ndefu nyembamba ya kukunjua kwa kuchomea theluji, na beleshi. Tukauliza sababu ya haraka hiyo yote. Jibu lake lilitutia ubaridi kuliko asubuhi yenyewe. Aliyefunikwa akitolewa katika dakika 10 za mwanzo, watu 9 katika 10 huokoka. Zikipita hizo, idadi ya wanaotolewa hai hushuka upesi mno, maana pumzi haipatikani. Dakika 10 ni muda wa kutawadha na kusali rakaa mbili bila ya kukokota. Waokoaji wa mjini hawawezi kufika kwa muda huo. Kwa hiyo tegemeo lako ni mwenzako aliye hapo hapo na beleshi mkononi, na aliye peke yake hana tegemeo. Vyombo vile havimzuii mtu kufunikwa, wala si ruhusa ya kwenda.

Tuliingia bonde la Dischma tukalifuata chini kwa chini. Hapo tukafanya kosa ambalo twalitaja ili vijana walione. Tuliona mahali penye jua chini ya genge, pazuri pa kupumzika, tukajitenga kidogo kuelekea huko. Seremala alitushika mkono bila ya kusema, akatuvuta, akanyosha fimbo yake kuonyesha juu: mteremko mkali uliokuwa juu ya vichwa vyetu. Katika milima ile haitoshi kutazama pale unaposimama. Wapaswa kutazama kilicho juu yako. Poromoko halimwulizi mtu kama yupo kwenye mteremko au chini yake.

Mahali walipokuwa wamepanga kwenda ni mteremko mpana uliotazama kaskazini. Katika ramani zao, miteremko yenye mwinamo unaozidi nyuzi 30 hupakwa rangi, maana chini ya hapo bamba la theluji kwa kawaida halikatiki likaenda. Mwswisi mmoja mwongozaji wa milima, Werner Munter, aliweka miaka ya 1990 hesabu ambayo hata mtoto aweza kuihifadhi: siku ya namba 2, usiingie penye nyuzi 40 au zaidi, siku ya namba 3, usiingie penye 35, siku ya namba 4, usiingie penye 30. Mteremko wao ulikuwa na nyuzi 34 mahali pengi. Kwa hesabu hiyo ulikuwa ukingoni mwa halali. Ndipo hesabu inapokwisha na kutazama kunapoanza.

Tulipokuwa tukipanda taratibu katika sehemu ya mwinamo mdogo, tulisikia chini ya miguu yetu mvumo mzito, kama gunia la unga lililoangushwa ghalani. Ardhi kama iliyoshuka kidogo. Sisi tulidhani ni mzaha wa milima, lakini wenzetu wote wawili walisimama papo hapo na uso wa seremala ukabadilika. Alisema maneno machache, na mpwa wetu akafasiri: "Anasema kwa haki tungeweza kugeuka sasa hivi. Lakini hapa pa tambarare hapana hatari, basi tuchimbe, ili mjomba aone."

Wakachimba shimo la kufika kiunoni mpaka wakaiona ardhi. Ukuta wa shimo ulipokatwa sawasawa kwa msumeno ulikuwa kama kitabu kilichofungwa, kila dhoruba ya msimu imeacha ukurasa wake. Ugumu wa kila tabaka hupimwa kwa mkono: lipi lapenyeka kwa ngumi, lipi kwa vidole vinne, lipi kwa kidole kimoja, lipi lataka kalamu ya risasi, lipi lataka kisu. Juu palikuwa na theluji laini. Chini yake bamba lililobanwa na upepo, ambalo kidole kimoja kiliingia kwa taabu. Na chini ya bamba hilo, karibu na ardhi, ngumi yetu iliingia yote bila ya kuhisi kitu. Tulichota tukakitia mwangani: chembe kubwa kama sukari guru iliyosagwa vibaya, zikichirizika kati ya vidole wala hazishikani.

Hapo swali letu la juzi likapata jibu. Ardhi chini ya theluji haishiki baridi kali. Hukaa karibu na sifuri. Hewa ya usiku ulio wazi yaweza kuwa nyuzi 20 chini yake. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo husambaa katika unene wake pole pole. Ikiwa nyembamba, joto la chini na baridi ya juu hukaribiana, mvuke hupanda kwa nguvu kutoka chembe hadi chembe, na chembe zile zikageuka umbo na kukosa kushikana. Kwa hiyo theluji haba ya mwanzo wa msimu ndiyo huzaa msingi mbovu. Kisha hunyesha juu yake theluji mpya, upepo ukaibana ikawa bamba, na macho hayaoni ila weupe mzuri. Mfano wake ni mtu aliyetandaza mtama juu ya paa lenye mwinamo, akaufunika kwa mkeka. Ukikanyaga pembe moja ya mkeka, mtama wabingirika na mkeka wote waondoka, na wewe juu yake. Tena huanguka mtu akiwa mbali, maana mpasuko hukimbia chini ya bamba kuliko mtu awezavyo kukimbia. Katika aina hii ya ajali, takriban 9 katika 10 ya waliofunikwa, poromoko lao lilianzishwa na wao wenyewe au na wenzao. Tuliposikia hivyo tuliikumbuka ile aya inayokataza watu wasijitie katika maangamizi kwa mikono yao, ambayo tumeifundisha mara nyingi bila ya kuwa na mfano ulio wazi namna hii.

Halafu wakafanya jaribio. Walitenga kwa msumeno mchi wa theluji wenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30, wakaweka beleshi juu ya ncha moja, na mpwa wetu akaanza kulipiga kwa kiganja: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kisha mara 10 kwa nguvu ya kiwiko, kisha, ikibidi, mara 10 kwa nguvu ya bega. Tulihesabu kwa sauti. Kumi za kwanza zilipita salama. Kwenye pigo la 13 ule mchi ulikatika chini, ufa ukapita toka ncha hadi ncha kwa mara moja, na sehemu yote ya juu ikateleza ikatuangukia miguuni, safi kama ubao uliopigwa randa.

Mpwa wetu aliuweka msumeno, akasema, "Tunarudi." Hakutazama mteremko aliokuwa ameungojea wiki nzima. Seremala akaitika kwa kichwa. Baadaye tulielezwa kwamba wana mapatano: ye yote katika kundi akisema turudi, wote hurudi, na haulizwi sababu. Tukauliza kama jaribio lingepita vema wangekwenda. Seremala akasema si lazima. Shimo lasema habari za pale lilipochimbwa, na hatua 100 mbele theluji yaweza kuwa nyingine. Sisi tukalielewa jambo hilo kwa lugha yetu: shahidi mmoja hutosha kukataza, hatoshi kuruhusu.

Tulikuwa bado twafunga mizigo waliposhuka vijana wanne wa Kizungu wakatupita, wakatuamkia kwa furaha, wakapanda kuelekea mteremko ule ule. Seremala aliwaita akawaonyesha shimo. Mmoja alitazama, wakazungumza, wakaenda. Tukakaa mahali pa salama tukiwatazama kwa zaidi ya saa moja. Walifika juu, wakashuka mmoja baada ya mmoja, wakiandika michirizi mizuri mno, na vifijo vyao tulivisikia bondeni. Mteremko haukutikisika. Twakiri kwamba kwa kitambo kidogo moyo wetu ulitamani uporomoke, ili mpwa wetu aonekane mkweli. Kisha tukashtuka kwa kile tulichokitamani, maana juu yake walikuwamo watoto wa watu, tukamwomba Mola atusamehe.

Tulimwuliza, "Basi mlikosea?"

"Sijui, Mjomba," akajibu, "na sitajua kamwe. Anayerudi hapewi jibu. Wale nao hawakupewa jibu, ila wao wanadhani wamepewa."

Maneno hayo tumeyafikiri sana. Chuoni kwetu mwanafunzi akikosea herufi mwalimu humkatiza papo hapo, naye hujua kosa lake liko wapi. Mlima haufundishi hivyo. Mtu aweza kusoma makosa mara 20, na kila mara mlima ukamwambia vyema; mara ya 21 humpiga pasipo kumwonya. Ndiyo maana uzoefu peke yake huko huwa msaliti. Yule mwenzake wa jikoni, tuliambiwa, aliujua mteremko uliomwua kuliko wote. Alikuwa ameushuka misimu 9. Na watu hawadanganywi na theluji tu. Hudanganywa na nyayo za waliotangulia, na nauli waliyolipa kuja, na siku moja ya mapumziko katika wiki, na haya ya kuwa wa kwanza kusema naogopa.

Adhuhuri tuliisali hapo hapo juu ya joho lililotandazwa. Tulipangusa maji juu ya khofu zetu za ngozi, mlango wa fikihi tulioufundisha miaka yote bila ya kupata haja nayo hata siku moja katika joto la Tanga. Seremala alivua kofia yake akasimama kando mpaka tulipotoa salamu.

Usiku ule hatukurudia maneno yetu makali. Tulikuwa tumekuja kumkataza, na bado moyo ulitamani aache. Mchezo ule, hata ukifanywa kwa elimu yote, una watu wake unaowachukua, na seremala mwenyewe hakulificha hilo. Lakini mpwa wetu ni mtu wa miaka 34. Tukimkataza kwa nguvu, atapanda bila ya kutuambia, na mtu afichaye mara nyingi huenda peke yake. Tukamwomba mambo mawili: asipande bila ya wenzake, na mama yake asimdanganye hata kwa nia ya kumpoza. Akaahidi.

Dada yetu tulimweleza yote tuliporudi, mpaka sukari ile ya chini na pigo la 13. Hakupendezwa. "Nilikutuma ukamtoe," akasema, "umerudi umesoma." Siku kadhaa hakutusemesha vizuri. Lakini saa 11 ya jioni ya Davos, wakati wa baridi, ni saa 1 ya usiku ya Tanga, watu wanapotoka kusali magharibi. Tangu mwaka ule, msimu wa theluji ukiingia, saa hiyo humpigia mwanawe simu kumwuliza namba ya kesho na upande wa mteremko. Juzi tulimkuta kibarazani amekaa na simu sikioni, akisema, "Tatu ya kaskazini? Na chini mmechimba?"